Mchoraji wa Miti na Njia Aliyegeukia Watu

Kuna shauri linalotolewa mara nyingi miongoni mwetu sisi tunaosoma somo la uchoraji. Husemwa kwamba mwenye kipaji cha kuchora nchi, yaani milima, maziwa, migomba na mawingu, na ashike hapo hapo. Asijitie katika kuchora watu, maana watu watamharibia picha na kumpunguzia alama. Wasemao hivyo si wajinga. Wanajua kwamba mlima haulalamiki ukichorwa vibaya, na kwamba mnunuzi wa picha hupenda machweo ya jua juu ya ziwa kuliko uso wa mtu asiyemjua. Lakini mimi naona shauri hilo si jema, na ningependa kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu kwa nini. Sitategemea maneno yangu matupu. Nitaleta shahidi mmoja, mtu ambaye maisha yake yanajulikana na kazi zake zinaonekana hata leo katika majumba ya sanaa ya nchi nyingi. Jina lake ni Camille Pissarro.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 10 Julai 1830 katika kisiwa cha St. Thomas, kimoja cha visiwa vya Caribbean vilivyokuwa wakati ule chini ya serikali ya Denmark. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wafanya biashara. Yafaa tukumbuke kwamba katika visiwa hivyo utumwa haukukomeshwa mpaka mwaka 1848, basi mtoto huyu alikua akiwaona watu wa asili ya Afrika wakifanya kazi zote nzito za mji na bandari. Alipokuwa kijana alipenda kuwachora watu hao. Mwaka 1852 alisafiri kwenda Venezuela pamoja na mchoraji wa Kidenmark, Fritz Melbye, akakaa huko akichora. Mwaka 1855 alihamia Ufaransa, na hakurudi tena kisiwani kwao. Mwaka 1856, akiwa tayari Ufaransa, alichora picha ya rangi inayoonyesha wanawake wawili weusi wakizungumza njiani kando ya bahari ya St. Thomas. Picha hiyo sasa iko katika jumba la National Gallery of Art mjini Washington. Maana yake ni kwamba watu hawakuwa wageni machoni pake. Aliwaacha, kisha akawarudia, na habari yetu ni juu ya kurudi huko.

Alipofika Paris alimheshimu sana mzee Corot, mchoraji mashuhuri wa misitu na mito, akapata mashauri kwake. Tangu hapo Pissarro akawa mchoraji wa nchi hasa. Alikaa kwa miaka mingi katika mji mdogo wa Pontoise, kando ya mto Oise, si mbali na Paris, akichora njia za mashambani, bustani za mboga, mabonde na theluji. Mwaka 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Prussia, alikimbilia London pamoja na jamaa yake. Askari wa Prussia waliingia katika nyumba yake ya Louveciennes, na picha zake nyingi zikaharibiwa. Kazi ya miaka mingi ikapotea. Aliporudi hakukata tamaa, bali alianza tena.

Mwaka 1874 yeye na rafiki zake, miongoni mwao Monet, Renoir, Degas na Cézanne, walifanya maonyesho yao wenyewe, kwa kuwa wakubwa wa maonyesho ya serikali walizoea kuzikataa picha za namna yao. Watu waliwacheka, wakawapa jina la Waimpreshonisti, kwa kuwa walichora nuru kama inavyoligusa jicho kwa dakika moja, bila kuilainisha rangi kama walivyofundishwa wazee. Maonyesho yao yalifanyika mara nane, ya mwisho mwaka 1886. Katika kundi lote ni Pissarro peke yake aliyeshiriki katika yote manane.

Sasa tazama picha zake za miaka hiyo ya kwanza. Watu wamo, lakini ni wadogo. Bibi mwenye kapu anapita njiani, mkulima ameinama shambani kwa mbali. Ukiwafunika kwa kidole gumba, picha haipungukiwi na kitu kikubwa. Mtu ni tone la rangi tu lililotiwa pale ili njia ionekane ndefu na mti uonekane mrefu. Hivyo ndivyo tunavyofanya sisi pia. Tunamweka mvuvi mmoja ndani ya mtumbwi, mweusi kabisa mbele ya jua jekundu, hana macho wala mikono, halafu twasema tumechora watu.

Karibu na mwaka 1880, Pissarro akiwa na umri wa miaka hamsini, jambo likabadilika. Watu waliokuwa mbali wakaanza kusogea mbele. Mwaka 1880 alimchora mwanamke mfua nguo, picha iliyopo sasa katika Metropolitan Museum ya New York. Mwaka 1881 alimchora msichana wa shamba akinywa kahawa yake karibu na dirisha, na picha hiyo iko Chicago. Mwaka huo huo alimchora msichana mwingine ameketi majanini, ameshika kijiti chembamba mkononi, na hiyo iko Paris katika jumba la Orsay. Katika maonyesho ya mwaka 1882 watu waliozoea kuona njia na bustani za Pissarro walikuta wakulima wenyewe, wakubwa, wamejaza picha. Miti na mashamba yalikuwa bado yapo, lakini sasa yalikaa nyuma yao, au yalichungulia dirishani.

Nataka wasomaji wapime jambo hilo. Mtu wa miaka hamsini, ambaye jina lake limekwisha kujulikana kwa kazi ya namna moja, anaianza kazi ya namna nyingine ambayo ndani yake anaweza kushindwa mbele ya watu. Tena hakuwa tajiri. Alikuwa na watoto wengi wa kulisha, na mara nyingi fedha zilikosekana nyumbani. Mfanya biashara wa picha, Paul Durand-Ruel, alikuwa ameanza tena kununua kazi zake mwaka 1881, lakini mwanzoni mwa mwaka 1882 benki kubwa ya Ufaransa ilianguka na biashara ya picha ikatetereka. Kama angekuwa mtu wa kufuata shauri lile la kushika hapo hapo, huo ndio ulikuwa wakati wa kulifuata. Yeye hakulifuata.

Kwa nini kuchora mtu ni kazi ngumu kuliko kuchora mti? Sababu yake ni rahisi. Ukilisogeza tawi la mwembe kwa upana wa kiganja, nani atajua? Mwembe utabaki kuwa mwembe. Lakini ukiusogeza mkono wa mtu kwa upana wa kidole, hata mtoto wa darasa la kwanza atasema mkono umevunjika. Sote ni mabingwa wa umbo la mtu, kwa kuwa tumelitazama tangu siku tulipozaliwa. Ndiyo maana wengi wetu tunalikimbia, nasi huita kukimbia huko kupenda uzuri wa nchi.

Pissarro hakulikimbia, wala hakudhani kwamba ustadi wa kuchora mawingu utamfanya awe stadi wa kuchora mabega. Alijifunza. Jumba la Ashmolean mjini Oxford lina mkusanyo mkubwa wa michoro yake. Ndani yake mna karatasi nyingi za watu walioinama, waliochuchumaa, waliobeba, waliosimama sokoni. Katika barua zake kwa mwanawe Lucien, ambaye naye alikuwa mchoraji, alimhimiza tena na tena achore bila kuchoka. Hakuwa mtu wa kuwahimiza wengine kwa jambo asilolifanya yeye mwenyewe. Elimu haina mwisho, wala haiulizi umri.

Lakini kuna jambo lililo kubwa kuliko ugumu wa mikono na mabega, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mchoraji anapomchora mtu wa kazi, hutoa hukumu juu ya mtu huyo, hata kama hatamki neno. Kabla ya Pissarro alikuwapo Mfaransa mwingine, Jean-François Millet, aliyefariki mwaka 1875. Millet aliwachora wakulima kwa heshima kuu. Wanawake wake wanaookota masazo ya mavuno, picha ya mwaka 1857, wanajulikana duniani kote. Lakini mkulima wa Millet mara nyingi ni kama mtu wa hadithi ya kale, mzito, ameinamia ardhi, amebeba taabu ya wanadamu wote. Unamhurumia, lakini huwezi kumwuliza habari za nyumbani kwake.

Watu wengi walipoona wakulima wa Pissarro walisema kwamba amemwiga Millet. Mwenyewe hakupenda kulinganishwa hivyo. Mwandishi Huysmans, aliyeyaandikia maonyesho ya mwaka 1882, aliona tofauti yao, akamsifu Pissarro kwa kuwaonyesha watu wa shamba kama walivyo, bila kuwapa ukuu wa uongo. Nami naona alisema kweli. Msichana yule wa kahawa hateseki wala haombi huruma. Anakunywa kahawa yake. Kazi ilikuwapo kabla yake na itakuwapo baada yake, lakini dakika ile ni yake mwenyewe, na mchoraji amemwachia. Yule mwenye kijiti ameketi tu, anawaza. Tangu lini mtu maskini akachorwa akiwaza? Kwa kawaida tajiri ndiye huchorwa akiwaza, na maskini huchorwa akibeba.

Tena yafaa tutazame namna alivyowapaka rangi. Hakutumia mkono mmoja kwa majani na mkono mwingine kwa ngozi. Vipigo vile vile vidogo vya brashi vilivyofanya nyasi ndivyo vilivyofanya shavu na nguo. Nuru inayopita katika miti inapita pia juu ya kichwa cha msichana. Kwa hiyo watu wake hawaonekani kama wamekatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya shamba. Hapo ndipo tunapoona kwamba miaka yake ya kuchora nchi haikupotea. Aliyachukua yote aliyojifunza kwa miti akawapa watu. Wanaofikiri kwamba anayegeukia watu ameisaliti nchi, na waitazame picha ile ya mwaka 1881 kisha waseme usaliti uko wapi.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1882, nayo iko katika jumba la Tate mjini London. Inamwonyesha mtumishi wa nyumbani, msichana wa shamba, akifagia chumba cha kulia katika nyumba ya Pissarro mwenyewe. Upande mmoja, mezani, ameketi mtoto mdogo wa mchoraji. Kazi yake ni ile inayofanywa kila asubuhi katika kila nyumba na hakuna anayeitazama, ila siku ikikosa kufanywa. Lakini katika picha hiyo msichana mwenye ufagio ndiye mkuu wa chumba.

Sababu mojawapo ya heshima hiyo naiona katika maisha ya mchoraji. Mkewe, Julie Vellay, alikuwa mtoto wa watu wa shamba, na alikuwa mtumishi katika nyumba ya mama yake Pissarro. Wazazi hawakupendezwa na jambo hilo hata kidogo. Wawili hao walikaa pamoja kwa miaka kadhaa na kuzaa watoto, wakafunga ndoa mwaka 1871 huko Croydon, karibu na London, wakati wa ukimbizi. Basi Pissarro alipomtazama msichana mwenye ufagio, alijua kwamba chini ya kitambaa kile cha kichwa yumo mtu anayeweza kuwa mke wa mtu, mama wa watoto, mwenye akili na mwenye hasira zake. Waswahili husema, asiyekujua hakuthamini. Yeye alikuwa anajua.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: "Mbona katika uzee wake Pissarro aliacha watu wakubwa, akarudi kuchora njia na majengo?" Ni kweli kwamba katika miaka ya 1890 alichora sana miji. Macho yake yaliugua, ikawa vigumu kukaa nje penye upepo na vumbi, akawa anachora kutoka madirishani. Mwaka 1897 alichora mfululizo wa picha za Boulevard Montmartre ya Paris akiwa juu katika chumba cha hoteli. Watu wamekuwa wadogo tena, wadogo kuliko wale wa Pontoise. Lakini watazameni vizuri. Kila nukta inatembea. Huyu ana haraka, yule anasitasita, wale wawili wanazungumza. Mkono uliowachora ulikuwa umekaa miaka mingi ukijifunza namna mtu anavyosimama na kuinama. Hakurudi alikotoka mikono mitupu.

Wa pili atasema kwamba watu wa kwetu hawapendi kuchorwa. Hilo ni neno la haki, nami silipingi. Siku hizi wageni hupita na simu zao, wakawapiga picha mama zetu sokoni kama wanavyopiga picha milima, bila hata kusema hujambo. Haishangazi kwamba mama hufunika uso. Lakini hiyo ni sababu ya kuomba ruhusa. Si sababu ya kuacha kuchora. Kumchora mtu ni lazima ukae naye. Saa moja ya kukaa kimya ukimtazama mtu, naye akijua kwamba unamtazama, ni adabu ya namna yake. Mwishowe utamwonyesha kazi yako, naye atakuambia kama pua ni yake au si yake. Mlima hautakufanyia hisani hiyo.

Wa tatu atasema kwamba jambo hili ni la Wazungu, na Pissarro hatuhusu. Mimi namjibu kwamba asiende mbali, aende Makerere. Shule ya uchoraji pale ilianzishwa na Bibi Margaret Trowell katika miaka ya 1930, na mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame chini ya Kilimanjaro, aliyeishi tangu 1923 hata 1993. Ntiro alichora nchi ya Wachagga, migomba na vilima vyake, lakini nchi hiyo imejaa watu wanaofanya kazi pamoja. Jumba la Museum of Modern Art la New York lina picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Ondoa watu katika picha hiyo, na habari yote imekwisha. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Ila tumelisahau, kwa kuwa twiga na machweo huuzika upesi kwa wageni.

Basi turudi shuleni. Tazameni kuta zetu. Kuna maziwa, kuna milima yenye theluji, kuna ndege. Mtu atakayezitazama kuta hizo miaka hamsini ijayo atadhani kwamba katika nchi hii hapakuwa na wapishi. Nani alikoroga posho katika sufuria zile kubwa kabla hatujaamka? Nani alifagia njia ya kwenda darasani? Nani alikaa langoni usiku wa mvua? Wamo humu humu, twawapita kila siku, na wengi wetu hata majina yao hatuyajui. Tunajua kuchora kila jani la mgomba, lakini mkono unaomenya ndizi hatujui una umbo gani.

Kwa hiyo naleta shauri langu. Katika muhula huu kila mwanafunzi wa uchoraji na amchore mtu mmoja anayefanya kazi hapa shuleni, kwa ruhusa yake, akiwa katika kazi yake au katika mapumziko yake. Asimfanye malaika, wala asimfanye mnyonge. Chini ya picha na aandike jina ambalo mwenyewe anapenda kuitwa. Katika maonyesho ya mwisho wa mwaka picha hizo zitundikwe pale pale zilipo picha za milima, na waliochorwa waalikwe kuja kuzitazama kabla ya wageni wengine wote. Zitakuwapo picha mbaya, hilo sina shaka. Mikono mingi itavunjika. Lakini mkono uliovunjika katika karatasi hutengenezwa kwa kifutio na subira, na mtu asiyetazamwa kamwe hatengenezwi kwa chochote.

Atakayeona nimekosea na achukue kalamu anijibu katika toleo lijalo. Na atakayeona nimesema kweli, asisumbuke kuniandikia. Na achukue penseli yake aende jikoni, abishe hodi kwanza.